Msilipambe kofi la Bright

Ndugu mhariri, swali lenu la wiki hii ni jepesi: ni mhusika gani wa katuni aliyekua mbele ya macho yetu, na nani alimkuza? Ningelipita kama ninavyoyapita mengine, ila chini yake mkaweka mfano, kwamba "kofi la Bright ndilo lililomfanya Amuro mwanaume". Hapo mkanigusa pabaya. Nimeshika simu tangu saa mbili usiku, chai imepoa, na huenda nikajibu jambo ambalo hamkuniuliza.

Kwa asiyeijua, tunazungumzia Mobile Suit Gundam, anime ya maroboti ya vita iliyoanza kuonyeshwa Japani Aprili 1979 ikakatwa Januari 1980 baada ya vipindi 43, wakati mpango ulikuwa vipindi 52. Watazamaji walikuwa wachache, na mfadhili, kampuni ya midoli, hakuona faida. Umaarufu ulikuja baadaye, kwa marudio, kwa filamu tatu za 1981 na 1982, na kwa vile viroboti vya plastiki vya kuunganisha mwenyewe. Mwongozaji ni Yoshiyuki Tomino. Mimi niliipata chuoni kwenye flashi ya mwenzangu wa chumba, mafaili 42, maana kipindi cha 15 hakimo kwenye toleo la Kimarekani. Nilifuata maroboti. Yapo, na yanalipuana vizuri tu, lakini nilichobaki nacho ni watoto waliofungiwa ndani ya meli moja ya angani, wamechoka, wanagombana, na hakuna mtu mzima wa kuwaamua.

Amuro Ray ana miaka 15. Baba yake ni injinia, na yeye mwenyewe ni wale watoto wa vifaa, anasahau kula na kuvaa mpaka jirani yake Fraw Bow aje kumfokea. Wanajeshi wa Zeon, dola iliyo vitani na Shirikisho la Dunia, upande wa kina Amuro, wanavamia koloni lao la angani, mama na babu wa Fraw Bow wanakufa, na Amuro anapanda kwenye Gundam, roboti la vita, akiwa ameshika kitabu cha maelekezo mkononi. Kuanzia hapo ndiye rubani. Hakuna aliyemchagua, alikuwa karibu tu.

Sasa lile kofi. Ni kipindi cha 9. Meli yao, White Base, imekwama Amerika Kaskazini katika eneo lililoshikwa na adui. Amuro amepigana mfululizo, hana usingizi, hana hamu ya kula. Wanamwita akapande roboti, hasogei. Bright Noa, nahodha, anamfuata hadi chumbani.

Anamzaba la kwanza. Amuro anauliza kama mtu ambaye hajaamini kwamba mkono umemfika: umenipiga? Bright anamwambia, kuna ubaya gani, wewe mwenzetu ukishapayuka roho yako inatulia. Amuro anauliza kama yeye ni mtu rahisi kiasi hicho. Linakuja la pili. Hapo ndipo linapotoka lile neno ambalo Wajapani hulirudia kwa utani mpaka leo: kanipiga mara mbili, hata baba hajawahi kunipiga! Na Bright anajibu kwamba huko ndiko kudeka, ni nani aliyewahi kuwa mtu kamili bila kupigwa?

Wanaolisifia kofi huwa wanaishia hapo. Naomba msisimamishe video. Jibu la Amuro baada ya makofi mawili ni kwamba hapandi tena, nani apande tena hiyo Gundam! Yaani kofi limempeleka mbali zaidi na mlango. Bright anamwambia kwamba kwa hali hii yeye ni mdudu tu, na kwamba kwa kipaji alichonacho alidhani angeweza kumpita hata Char. Inasikitisha, anasema, kisha anaondoka. Char ni rubani wa Zeon anayevaa kinyago na kuendesha roboti jekundu, na ameshawatoa jasho vya kutosha. Amuro anabaki akilitamka lile jina peke yake.

Halafu anasema Fraw Bow, ambaye muda wote alikuwa chumbani humo. Hapazi sauti. Anasema hapendi mtu asiyejiamini kwa mambo aliyoyafanya mwenyewe, na kwamba leo Gundam ataipanda yeye. Anageuka kwenda, na si vitisho, anakwenda kweli, msichana ambaye hajawahi kugusa usukani wa kitu chochote. Ndipo Amuro anapoinuka.

Hesabu yangu mimi ni hii: makofi mawili, hatua sifuri. Jina la mshindani, labda nusu hatua. Msichana wa jirani anayekwenda kufa badala yake, akasimama.

Nina sababu ya kuhesabu hivi. Nilipomaliza kidato cha sita nilipiga tempo miezi mitano katika shule moja ya kata, nikifundisha hesabu kidato cha pili. Nilikuwa na miaka 19. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 80, wengine wamenizidi kimo, na kabla yangu walikuwa wamekaa muhula mzima bila mwalimu wa somo. Kanuni ya viboko niliijua nusunusu: visizidi vinne, mkuu wa shule aidhinishe, viandikwe kwenye daftari. Kofi halimo kabisa. Lakini ofisi ya walimu ilikuwa na kanuni yake, samaki mkunje angali mbichi, na mwalimu asiyechapa alitazamwa kama mgeni aliyekuja kukagua.

Siku hiyo tulikuwa kwenye logarithimu. Nikamwita ubaoni kijana wa dawati la nyuma, ana miaka 17, mpole. Akasimama akasema, mwalimu, mimi sielewi, tangu wiki iliyopita sijaelewa. Hakulisema kwa kiburi. Tatizo ni kwamba na mimi mfano ule sikuwa na hakika nao. Nilikuwa nimeunakili kitabuni usiku bila kuumaliza, na nilimwita yeye ili nipate muda wa kufikiri. Nikatembea hadi nyuma, nikamzaba.

Mkono ulikuwa na chaki. Vidole vinne vyeupe vikabaki shavuni, vimekaa sawasawa kama vimepigwa mhuri. Darasa zima likacheka. Hakuvifuta. Alikwenda ubaoni, akachukua chaki, akaandika tarehe, maana ndicho alichokiweza, akairudisha chaki mahali pake, akaenda kukaa. Zilikuwa zimebaki kama dakika ishirini za kipindi. Nilizifundisha zote nikivitazama vidole vyangu mwenyewe kwenye uso wa mtu. Sidhani kama kuna aliyeelewa logarithimu siku ile, mimi nikiwemo. Wenzangu ofisini walipopata habari walinipongeza, wakasema sasa nimeanza kuwa mwalimu.

Kwa hiyo mkiniandikia kwamba kofi lilimfanya mtu mwanaume, mnielewe ninakotoka.

Turudi kwenye meli. Kama kofi lilimkuza Amuro, ukuaji wenyewe ulidumu vipindi vinane. Kipindi cha 17 anawasikia Bright na Mirai, msichana anayeshika usukani, wakizungumza kumwondoa kwenye Gundam, naye anatoroka nayo. Mtu mzima gani huyo anayetoroka na mali ya jeshi kwa sababu kasikia maneno mlangoni? Na kabla ya hapo, kipindi cha 13, amekutana na mama yake aliyebaki Duniani. Askari wa Zeon wanapoingia kukagua, Amuro anafyatua risasi akiwa kitandani, na mama anaona kwamba hayo si malezi yake. Mtoto anamuaga kwa saluti, kama ofisa, na mama anaanguka kulia. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa Amuro ulimfunza kulenga shabaha. Kama huko ndiko kukua mnakokuulizia, sawa.

Kwangu mimi aliyemkuza ni adui. Amuro akiwa mtoro jangwani anaingia mgahawani, na humo anaingia Ramba Ral, kamanda wa Zeon mwenye tumbo na masharubu, pamoja na mwenzi wake Hamon na askari wao. Hamon anataka kumnunulia chakula kijana huyu mpweke. Amuro anakataa, yeye si ombaomba. Ral anacheka, anampenda kwa jibu hilo. Mara Fraw Bow anakamatwa nje na sare yake ya Shirikisho, inajulikana hawa ni maadui. Ral anafunua joho la Amuro na kuona bastola imeshikwa kwa chini. Anamsifu kwa ujasiri, anawaacha wote wawili waende, anamwambia wakikutana vitani mambo yatakuwa mengine. Yanakuwa mengine kweli. Na baada ya pambano lile Amuro anasema anataka kumshinda mtu yule. Ni mara ya kwanza namsikia akitaka kitu chake mwenyewe, ambacho hakuamriwa na mtu. Ral alimtazama kama mwanaume mwenzake kwa dakika chache za mgahawani, basi, ikatosha.

Hapa ndipo nilipopanga kufunga: kura kwa Ramba Ral, kofi lilaaniwe, asanteni. Nikarudi kuangalia jambo moja dogo ili nisiwapotoshe. Umri wa Bright.

Ana miaka 19.

Siku zote nilimwona baba mtu. Ile sauti, ile kola ya sare iliyosimama, ule mkono mwepesi. Kumbe ni ofisa mwanafunzi aliyejikuta na meli kwa sababu nahodha alijeruhiwa siku ya kwanza na baadaye akafa. Nyuma yake ana wakimbizi, wazee na watoto, na roboti moja linaloendeshwa na mvulana asiyetaka kutoka chumbani. Lile swali lake, nani aliyewahi kuwa mtu bila kupigwa, sidhani kama alilitunga yeye. Nalisikia kama kitu cha ofisi ya walimu. Alikuwa amenakili mfano bila kuumaliza, na adui yuko mlangoni. Mimi mlangoni kwangu hakukuwa na mtu.

Nimemtazama upya kwa jicho hilo na nimeona niliyoyaruka. Baada ya Ryu, rubani mwenzao aliyekuwa mpatanishi wa meli nzima, kujitoa mhanga kumwokoa Amuro, Bright anaugua na kuanguka, kipindi cha 22, na Mirai ndiye anayeongoza vita. Wanajifunza kwamba meli inakwenda hata nahodha akiwa kitandani, na hilo kwa mtu wa aina yake si dogo. Baadaye inajulikana kwamba anampenda Mirai, na Mirai moyo wake uko kwa Sleggar, rubani mchangamfu aliyechelewa kujiunga. Kwenye vita vya Solomon, ngome ya Zeon, kipindi cha 36, Bright mwenyewe anamruhusu Mirai aondoke usukani akaonane na Sleggar. Sleggar harudi. Nahodha wa kipindi cha 9 asingemruhusu mtu kuacha usukani, hata kwa kwenda chooni.

Kwenye mfululizo wa 1985, Zeta Gundam, Bright na Mirai wana watoto wawili, na sasa ni yeye anayepigwa: maofisa wa Titans, kikosi cha Shirikisho lake mwenyewe, wanamshambulia kwa ngumi na mateke kwa sababu tu amethubutu kuwajibu. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka, nikasema umeonja. Sasa nimeirudia, sikucheka. Na katika filamu ya 1988, miaka 14 baada ya lile kofi kwa kalenda yao, Amuro na Bright wako meli moja, wanaongea sentensi fupifupi kama watu waliooana zamani. Mmoja hamalizi, mwenzake ameshaelewa. Hakuna anayemfuata mwenzake chumbani.

Mwaka juzi nilikodi bodaboda stendi, dereva akageuka: "Shikamoo mwalimu." Tumepishana miaka miwili. Nikaitika marahaba, na njia nzima nikawa natazama shavu lake kwenye kioo cha pembeni, utadhani chaki ingekuwepo. Nauli elfu mbili, nikampa elfu tano, nikamwambia abaki nayo. Akanihesabia elfu tatu zangu mkononi. "Hapana mwalimu, nauli ni nauli." Akawasha akaondoka.

Basi kura yangu iandikeni Bright Noa. Najua inapingana na nusu ya barua hii. Naitoa kwa mtu wa kipindi cha 36, na kama mtaihesabu kuwa kura ya kofi, afadhali mniondoe kwenye orodha. Kama fomu yenu ina nafasi ya pili, Fraw Bow, kwa ile asubuhi ya kipindi cha 9, kama ilikuwa asubuhi, maana kwenye meli ile haijulikani. Na ule mfano mliouweka chini ya swali, tafadhali, uondoeni kabla ya toleo lijalo.