Sauti yako ina mkwaruzo? Usiibadili, ipangie wimbo

Mtu mwenye sauti ya mkwaruzo, au mwanamke mwenye sauti nene, au mwanamume mwenye sauti nyembamba inayopitia puani, huambiwa mapema sana kwamba kuimba si fani yake. Anayeambiwa hivyo akumbuke Zanzibar. Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliimba taarab na kupiga ngoma ya unyago mpaka uzeeni kabisa, kwa sauti iliyokwaruza na kushuka hadi pale wanapoimbia wanaume. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki wa dunia, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 jina lake lilikuwa linajulikana mbali sana na visiwa alikozaliwa. Walimu wengi wa kwaya wasingempa hata nafasi ya kujaribiwa.

Wala hakuwa peke yake. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyevuma Dar es Salaam na Orchestra Super Matimila, alikuwa na koo lililoparuza na mara nyingi aliimba kama mtu anayezungumza na wewe barazani. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki 2003, alipanda kwa sauti nyembamba mno kisha akashuka chini kabisa, akijisindikiza kwa ilimba, ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba. Shakila Saidi wa Tanga alikuwa na sauti ya juu, nyembamba kama uzi, isiyofanana hata kidogo na ya Bi Kidude. Hawa wanne huwezi kuwaweka kwenye kipimo kimoja cha sauti "nzuri". Kinachowaunganisha ni kwamba nota zao zinafika mahali pake, mdundo wameushika, maneno yanasikika, na nyimbo wanazoimba zimekatwa kwa kimo cha sauti zao. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo nitakalolikalia sana hapa.

Kabla ya yote, tenganisha mambo matatu ambayo watu huyaita kwa jina moja la "sauti mbaya": sauti ngeni, sauti iliyokosea nota, na sauti mgonjwa.

Sauti hutokea pale nyuzi za sauti, mikunjo miwili midogo ndani ya kongomeo, zinapokutana na kuachana kwa kasi. Ukiimba ile A ambayo wapiga ala huoanishia vyombo vyao, zinakutana mara 440 kwa sekunde. Zisipofunga sawasawa, pumzi huvuja na unasikia hewa ndani ya sauti. Zikitikisika bila mpangilio, unasikia mkwaruzo. Hakuna lolote kati ya hayo linalokuzuia kufika kwenye nota. Mkwaruzo ni rangi, nota ni kimo, na mtu anaweza kukwaruza huku yuko pale pale panapotakiwa.

Kujipima, usitegemee programu za simu zenye mshale unaoonyesha nota. Kwenye sauti safi zinasaidia, lakini kwenye sauti ya mkwaruzo mshale huruka ovyo kwa sababu programu haipati mtikisiko ulionyooka wa kuusoma, nawe utadhani umekosea kumbe hukukosea. Bonyeza nota moja kwenye kinanda, iache ilie, kisha imba "aaa" juu yake kwa sekunde 5 huku ukijirekodi. Ukiwa karibu na nota lakini hujafika, utasikia sauti mbili zikipigana, kama wimbi linalokuja na kuondoka. Sogea taratibu juu au chini mpaka wimbi lipungue na litulie. Rudia kwa nota 5 zinazofuatana. Anayefika kwenye nota zote kwa sikio ana sauti ngeni tu, na safari yake inaanzia hapo. Asiyefika ana kazi ya sikio, si ya koo, na kazi hiyo hufanyika kwa mazoezi haya haya, dakika 10 kila siku. Hapa nitasema wazi: kukosa nota kusitetewe kwa jina la upekee. Mkwaruzo unapendeza ukiwa juu ya nota sahihi, na ukiwa nje ya nota unachosha baada ya beti moja.

Ila kwa waimbaji wa taarab kuna tahadhari. Taarab ya Zanzibar imepokea maqam za Kiarabu, yaani mipangilio ya nota za kutungia tuni, na kwenye maqam kama rast na bayati kuna nota zinazokaa katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Fidla na udi vinazo, kinanda cha kawaida hakina. Mwimbaji aliyelelewa kwenye mtindo huo akipimwa kwa kinanda cha kanisani ataambiwa yuko nje, na anayepaswa kubadilishwa hapo ni kipimo. Mpime kwa fidla.

Sasa wimbo wenyewe. Kosa linaloua sauti ngeni kuliko lolote ni kuimba kwenye kii (nota ambayo wimbo umejengwa juu yake) ya mwimbaji asilia. Bendi imezoea kupiga pale, mwimbaji mpya anaona aibu kuomba ishushwe, basi anakaza shingo kwenye kiitikio na watu wanasema sauti haifai. Tafuta kwanza nota yako ya juu unayoifikia bila kuinua kidevu wala kukaza misuli ya shingo. Halafu panga wimbo ili nota ya juu kabisa ya kiitikio iwe chini ya hapo kwa nusu hatua 2 (nusu hatua ni kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata, cheupe au cheusi). Tuseme wimbo uko kwenye G na kilele chake ni D, nawe unaishia C kwa raha. Shusha nusu hatua 4: wimbo unakuwa kwenye Eb na kilele kinakuwa Bb (b ndogo huonyesha nota iliyoshushwa nusu hatua). Mpiga kinanda anabonyeza kitufe cha kuhamisha kii mpaka kisomeke -4. Mpiga gitaa akinung'unikia Eb, aweke kapo, kibanio cha nyuzi za gitaa, kwenye nafasi ya 3 na apige maumbo ya C. Kazi ya dakika moja.

Ukishusha, tatizo jingine linazaliwa: sauti iliyo chini haina nguvu ya kupenya ala. Hapo usipige kelele, ziambie ala zikupishe. Taarab inajua jambo hili tangu zamani. Fidla na akodiani hujibu pale mwimbaji anapomaliza kipande, hazimjazii mdomo akiwa anaimba. Ukiwa na bendi ya gitaa, mwombe mpiga gitaa la pili apande juu ya shingo ya gitaa, maana akibaki chini anakaa kwenye eneo lile lile la sauti yako na mnafunikana. Kinanda nacho kiache mkono wa kushoto wakati wa beti, gitaa la besi linatosha.

Kisha pumzi. Sauti inayovuja hewa humaliza pumzi mapema, na mwimbaji huishia kuvuta hewa katikati ya neno. Ushairi wetu umekwisha kuweka mahali pa kupumua. Chukua mshororo wa mizani 16 kama huu:

Moyo wangu umechoka, kungoja asiyekuja

Mizani 8 za ukwapi, yaani kipande cha kwanza, zinaishia kwenye "umechoka", na hapo ndipo pa kuvuta pumzi. Kama utao, kipande cha pili, huumalizi kwa pumzi moja, pumua tena baada ya "kungoja", kidogo na kwa mdomo. Usikate ndani ya "asiyekuja", kwa sababu ukikata baada ya "asiye" msikilizaji anapoteza maana na masikio yake yanakimbilia kwenye mkwaruzo wako. Angalia pia irabu. Kilele cha tuni kikiangukia kwenye "ku" ya "asiyekuja", mdomo unafunga na sauti yenye mkwaruzo hubanwa ikawa kama mlango unaolia. Kikisogezwa mbele hadi "ja", mdomo unafunguka na sauti inapata pa kukaa. Mtunzi mwelewa atakubali kusogeza nota moja, na kama tuni ni yako sogeza mwenyewe. Kwa wengi wenye sauti ngumu, a na o ni rafiki kwenye nota za juu, i na u ni rafiki kwenye nota za chini.

Konsonanti nazo zina mambo yake. Mkwaruzo ni kelele, na s, sh na f pia ni kelele, kwa hiyo zikikutana zinamezana na "shaka" inasikika kama "saka". Zipunguze nguvu s na f, na ziongezee uzito t, k, p na b. Soma beti zote kwa sauti ya kuzungumza, ukimpa mtu karatasi tupu aandike anachosikia. Neno atakalokosea ndilo la kulifanyia kazi.

Kwenye kurekodi, prodyuza wengi huiharibu sauti ya aina hii kwa nia njema. Maiki nyeti za kondensa kwenye chumba kisichozibwa mwangwi huokota kila pumzi na kila kwaruzo, kwa hiyo maiki ya dainamiki huwa salama zaidi. Kaa umbali wa kiganja kimoja kilichonyooshwa, kama sentimita 15. Ukisogea hadi sentimita 5 sauti ya chini huvimba, jambo linalomfaa mwenye sauti nyembamba na kumdhuru mwenye sauti nene. Kwenye ekwalaiza, inayopandisha na kushusha sehemu za juu na za chini za sauti, kata yaliyo chini ya Hz 80, na usipandishe eneo la Hz 3,000 hadi 5,000 kama inavyofanywa kwa waimbaji wengine, maana mkwaruzo mkali unaishi humo. Kompresa, inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, iwe nyepesi, uwiano wa 3 kwa 1, ishushe desibeli 3 hadi 6 kwenye vilele tu. Ukiikaza, pumzi kati ya maneno inakuwa kubwa sawa na maneno yenyewe.

Auto-Tune, programu ya kunyoosha nota, iache. Kama mshale wa simu, nayo inahitaji mtikisiko ulionyooka ili ijue irekebishe nini, na isipoupata hukisia, na sauti hutoka kama mtu anayesukutua maji. Imba beti nzima mara 3 hadi 5, kisha chagua mshororo uliokaa vizuri kutoka kila mara. Usirudufishe sauti ya kuongoza, kwa sababu mikwaruzo miwili ikilaliana maneno yanapotea. Kiitikio kipewe waitikiaji 2 wenye sauti safi, okteva moja juu yako. Ukiwasikia wao na wewe kwa pamoja, utaelewa kwa nini rangi yako ilihitajika.

Walimu wa kwaya, tafadhalini msimwambie mtu afumbue mdomo tu bila kutoa sauti. Mwekeni pembeni mwa mstari wa nyuma, jirani na besi kama sauti yake ni nene hata akiwa mwanamke, apunguze nguvu kwenye vipande vya pamoja, kisha mpeni kipande cha kuanzisha. Sauti isiyochanganyika kirahisi na nyingine ndiyo inayosikika vizuri ikiwa peke yake.

Sasa afya, na hapa sipunguzi neno. Mkwaruzo wa asili uko vile vile asubuhi na jioni, na hauumi. Sauti iliyokuwa safi ikakwama ghafla ni jambo jingine. Ikikaa zaidi ya wiki 3, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akaangalie nyuzi kwa kamera. Ukiona damu, uvimbe shingoni, ugumu wa kumeza au wa kupumua, usisubiri wiki hizo. Usimeze dawa za maumivu ili ukapande jukwaani, kwa sababu maumivu ndiyo yanayokuambia uache. Na wapo vijana wanaovuta sigara ili wapate sauti ya Bi Kidude. Moshi hukausha na kuvimbisha nyuzi, na ni njia inayojulikana ya kupata saratani ya koo. Ukuu wa mama yule haukutoka kwenye sigara.

Tangawizi, asali na ndimu hutuliza koo, lakini havigusi nyuzi za sauti, kwa kuwa kinachomezwa hupita kwenye umio na nyuzi ziko kwenye njia ya hewa. Mwenye kiungulia aiache ndimu kabisa kabla ya kuimba, maana asidi ikipanda usiku huzichoma nyuzi. Maji ya kawaida yanywe tangu asubuhi, sio glasi 2 ukiwa nyuma ya jukwaa. Kupasha sauti, chukua mrija, uzamishe sentimita 2 hadi 5 kwenye glasi ya maji, toa sauti ya "uuu" kupitia humo huku mapovu yakitoka, ukipanda na kushuka taratibu kwa dakika 5. Fuata na kuguna mdomo ukiwa umefungwa kwa dakika 5 nyingine. Usikohoe kusafisha koo, meza mate. Usinong'one ukidhani unapumzisha sauti, maana wengi wakinong'ona hukaza koo. Nyamaza kabisa.

Siku ya onyesho, panga nyimbo za chini mwanzoni, ule wenye kilele cha juu uwe wa tatu au wa nne koo likiwa limepata joto, na baada yake weka wimbo ambao ala zina nafasi ndefu ili ukae kimya dakika nzima. Na kabla ya kuanza, mwambie fundi mitambo akurudishie sauti yako kwenye spika ya jukwaani zaidi ya ala zote. Mwenye sauti ya chini asipojisikia huanza kusukuma, na akisukuma kwenye wimbo wa kwanza, wa tano hataufikia.