Macho Yasiyopenda Mwanga: Maswali Yenu Kuhusu Lenzi Zinazobadilika Rangi

Nimenunua miwani inayojitia giza juani. Nikitembea nje inafanya kazi, lakini nikiendesha gari inabaki nyeupe na mwanga unanichoma. Nimeuziwa feki? (Dereva)

Huenda ni nzima kabisa. Lenzi za fotokromiki, yaani zinazobadilika rangi, haziamshwi na mwanga unaokuumiza, bali na miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni. Miale hiyo ikipiga molekuli za rangi zilizomo kwenye lenzi, molekuli hufunguka, hubadilika umbo na kuanza kunyonya mwanga. Sasa, kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vilivyogandishwa na utando wa plastiki, na utando huo huzuia karibu miale yote ya urujuanimno. Mwanga unapita, kichocheo kinabaki nje.

Ukitaka uhakika, funika nusu ya lenzi kwa karatasi nzito, iweke juani dakika moja, kisha ifunue juu ya karatasi nyeupe. Mpaka kati ya giza na weupe ukionekana wazi, lenzi ni ya kweli. Usipouona, ama si fotokromiki, ama rangi yake imechoka.

Zipo lenzi zinazoitikia pia mwanga wa kawaida, na hizo hupata giza kiasi ndani ya gari. Gharama yake ni kwamba hata chumbani hubaki na kivuli kidogo. Kwa safari za mchana, sisi tungekushauri uweke garini miwani ya jua ya kawaida yenye namba yako, daraja la 3, inayopitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga. Ikiwa na kinga ya polaraidi ni bora zaidi, kwa sababu hukata mng'ao unaoruka kutoka kwenye lami iliyolowa. Daraja la 4, lenye giza zaidi, usiendeshee kabisa. Usiku, vua.

Mbona miwani yangu huwa nyeusi zaidi asubuhi ya baridi kuliko saa saba mchana, jua likiwa kali?

Joto ndilo linaloiharibia kazi. Molekuli zilizofunguka hurudishwa katika umbo lake la awali na joto, hivyo hewa ikiwa moto nyingi hurudi upesi na lenzi haifikii giza lake lote. Kwenye baridi hali hugeuka: lenzi inakuwa nyeusi sana, lakini ukiingia ndani inachelewa kusafika. Kwa kawaida kuingia giza huchukua chini ya dakika moja, na kurudi huchukua dakika kadhaa, kwa hiyo kuwa mwangalifu na ngazi pale unapoingia kutoka juani. Rangi nayo huchoka kadiri miaka inavyopita. Lenzi moja ikivunjika, badilisha zote mbili, la sivyo jicho moja litakuwa na kivuli kizito kuliko jingine.

Je, kuna kontakti lenzi za namna hiyo? Nina macho makavu pia.

Zimewahi kutengenezwa. Aprili 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha Acuvue Oasys with Transitions, lenzi laini ya kubadilishwa kila baada ya wiki mbili. Huenda sasa hazipatikani tena, kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kulipia vipimo. Ujue pia kwamba lenzi hufunika konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na ukingo mdogo tu unaoizunguka. Sehemu kubwa ya weupe wa jicho na kope hubaki wazi, hivyo haichukui nafasi ya miwani ya jua.

Lakini kwako ukavu ndio uanze nao. Konea iliyokauka huuma kwenye mwanga hata bila ugonjwa mwingine, na lenzi juu yake inaweza kuongeza mkwaruzo. Tibu ukavu, kisha pimwa upya. Huenda hitaji lenyewe likapungua. Ukizivaa: nawa mikono na uikaushe, sugua lenzi kwa dawa yake kisha isuuze kwa dawa hiyohiyo, mwaga dawa ya jana badala ya kuiongezea, na kikopo cha kuhifadhia lenzi kibadilishe angalau kila miezi 3. Maji ya bomba yasiguse lenzi: yanaweza kubeba amiba (kijidudu kisichoonekana kwa macho) aina ya Acanthamoeba, inayokula konea, na tiba yake ni ndefu.

Nina kipandauso. Taa za ofisini zinanitesa, navaa miwani nyeusi siku nzima.

Hapo unajiongezea tatizo. Jicho likikaa gizani huzoea giza, na siku ukiivua, taa ileile ya jana itaonekana kali maradufu. Fotokromiki nayo haitakusaidia ndani, kwa sababu taa hizo hazitoi urujuanimno wa kutosha. Muulize mtaalamu wa macho kuhusu rangi ya FL-41, ya waridi, inayopunguza mwanga wa buluu na wa buluu-kijani. Wengi wenye kipandauso huivumilia vizuri. Miwani nyeusi iache kidogo kidogo, saa moja zaidi kila siku chache. Kofia yenye ukingo hukata mwanga wa darini, na haina haja ya betri wala miadi.

Jicho moja limeanza ghafla kuogopa mwanga, ni jekundu na linauma. Ninunue miwani gani?

Usinunue. Kama umevaa kontakti lenzi, itoe, uende nayo kliniki ya macho leo hii. Inaweza kuwa kidonda cha konea au uvimbe ndani ya jicho. Zikiongezeka homa na shingo kukakamaa, nenda chumba cha dharura cha hospitali.