Magoti yakae vipi wakati wa kusukuma mtoto?

SWALI: Shikamoo dada mkunga. Nipo Urambo, Tabora, nina mimba ya pili ya miezi minane. Uzazi wa kwanza nilisukuma kwa karibu saa mbili, nimelala chali, magoti yamevutwa na kutanuliwa hadi mwisho. Wifi yangu anasema ningechuchumaa mtoto angewahi kutoka. Mkao unabadilisha kitu kweli, au nyonga ni mfupa tu? Na nikiomba mkao mwingine leba, watanikubalia?

JIBU: Marahaba, mama kijacho. Mkao unabadilisha mengi, kwa sababu nyonga si mfupa mmoja. Ni mifupa kadhaa iliyoungana kwa viungo: mbele kwenye kinena, nyuma pande mbili chini ya kiuno, na chini kabisa kipo kifandugu. Mimba hulegeza viungo hivyo, na kichwa kinapopita kifandugu husogea nyuma kukipisha. Ukilala chali, uzito wako unakalia mifupa hiyo ya nyuma na kuibana. Tena mji wa mimba unalalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na damu inayomfikia mtoto inaweza kupungua.

Sasa magoti. Kutanua mapaja hupanua mlango wa juu wa nyonga, pale kichwa kinapoingilia. Mlango wa chini, kinapotokea, hupanuka kwa kinyume chake: magoti yakielekeana na visigino vikienda nje, mifupa ya kukalia huachana. Jaribu sasa hivi. Kaa kwenye kiti kigumu, viganja vikiwa chini ya makalio, kila mfupa wa kukalia uwe juu ya vidole. Tanua magoti. Kisha yakutanishe polepole huku ukisukuma visigino nje. Utaisikia mifupa ikihama juu ya vidole vyako. Kwa hiyo kutanua magoti hadi mwisho wakati kichwa kimeshafika chini ni kupunguza nafasi hasa pale inapohitajika.

Kwa maana hiyo mkao ufuate kichwa kilipo, na mkunga akikupima muulize: bado kiko juu, au kimeshuka? Kikiwa juu, kaa kwenye kigoda magoti yakiwa mapana, inamia mbele, zungusha kiuno. Kikikwama katikati, simama, weka mguu mmoja juu ya kigoda, na uchungu ukija yumba kuelekea goti hilo. Baada ya uchungu kadhaa badili mguu. Upande mmoja wa nyonga unafunguka zaidi, na kichwa kilichokaa upande hupata pa kugeukia. Kikishafika chini, lala ubavu wa kushoto na uweke khanga iliyokunjwa nene kati ya vifundo vya miguu, si kati ya magoti, ili unyayo wa juu uwe juu kuliko goti lake. Au piga magoti na mikono, magoti karibu karibu, nyayo zikiwa mbali, mgongo ukibonyea kidogo. Mkao huu wa magoti na mikono ndio wa kwanza kuujaribu kama maumivu yamekaa zaidi mgongoni, kwani mara nyingi ni dalili kwamba kisogo cha mtoto kimeelekea nyuma.

Wifi yako hajakosea. Kuchuchumaa kunasaidia, ila kichwa kikiwa kimeshuka. Shikilia kitanda au mtu, visigino viguse chini, na uchungu ukipoa inuka au piga magoti. Ukikaa hapo mfululizo miguu inachoka na msamba, yaani nyama iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, unavimba. Mikao ya wima pia huweza kuongeza kidogo damu inayomwagika, ndiyo maana sindano ya oksitosini ya yuniti 10, inayokaza mji wa mimba ili kupunguza damu, haifai kukosekana mara mtoto anapotoka.

Mkao mzuri hauokoi usukumaji mbaya. Njia kufunguka sentimita 10 hakutoshi. Subiri hamu ya kusukuma ije yenyewe. Ukisukuma kabla njia haijafunguka yote, mlango wa kizazi unabanwa kati ya kichwa na mfupa, unavimba, na uzazi unachelewa. Hamu ikija, sukuma kuelekea haja kubwa kwa sekunde 5 hadi 7, vuta pumzi, rudia mara tatu au nne ndani ya uchungu mmoja. Mashavu yakivimba na shingo ikikakamaa, nguvu imebaki juu. Kojoa kila saa mbili, kibofu kilichojaa huzuia kichwa kushuka. Kichwa kikianza kutokeza na msamba kuwaka moto, acha kusukuma, hema kwa mdomo wazi, mkunga akiushika msamba kwa kitambaa cha uvuguvugu. Hapo ndipo kuchanika kunapoepukwa, na kulala ubavu husaidia kuliko kuchuchumaa.

Kuhusu kukubaliwa: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unasema mama achague mkao anaoutaka, ukiwemo wa wima. Liseme kliniki mapema, lisisubiri uchungu. Mkunga anahitaji kusikiliza mapigo ya mtoto kila dakika 5 na kuuona msamba, kwa hiyo mwambie utabadilika akikuomba. Beba mpira wa kujifungulia na khanga mbili za ziada za kutandika chini.

Mtu asikukandamize tumbo kusukuma mtoto, na usinywe dawa ya miti ya kuongeza uchungu. Mji wa mimba unaweza kupasuka. Kwa kuwa huu ni uzazi wa pili, ukisukuma vizuri kwa saa moja na kichwa hakisogei, au mapigo ya mtoto yakishuka chini ya 110 kwa dakika na kubaki huko, mkao hauna kazi tena: ndugu zako waulizie gari la rufaa hapohapo.