Kwanini "bed" inatoka "bedi"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni kijana wa Mbagala, nafanya kazi hotelini huku Posta, kutwa naongea na wageni. Kiingereza naelewa ila nikisema bed inatoka bedi, bag inakuwa begi, wenzangu wananicheka. Kuna Mjerumani hapa kazini nae bed anasema bet. Hivi ndimi zetu nzito au?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ulimi wako mzima kabisa, na hao wanaokucheka waache, wanakuvunja moyo bure. Zamani ilidhaniwa popote lugha mbili zinapotofautiana ndo mwanafunzi atakwama, sasa mwaka 1977 mtaalamu wa lugha Fred Eckman akasema hapana, angalia pia kitu adimu kiko upande gani. Mjerumani kwao d ikifika mwisho wa neno inatamkwa t, Rad ambayo ni gurudumu na Rat ambayo ni ushauri zinasikika sawasawa, kwahiyo kwenye bed anahangaika, ila Mwingereza akijifunza Kijerumani kuigeuza d iwe t wala haimsumbui. Tofauti ni ileile, ugumu uko upande mmoja tu! Lugha inayotenganisha d na t mwisho wa neno kwa kawaida inazitenganisha na mwanzoni, ila ya mwanzoni haihitaji ya mwisho. Kile kinachomtegemea mwenzake ndo wanaisimu wanasema kina alama, na ndo kinachelewa kukaa mdomoni.

We mzigo wako ni mara mbili. Silabi kama ba na ta ziko karibu kila lugha duniani, na Kiswahili kimejengwa juu ya hizo, hata kwenye labda na sultani mwisho tunamalizia na vokali, ndo maana tuna benki na basi. Kwahiyo unajifunza kufunga neno kwa konsonanti, halafu tena konsonanti yenye mghuno, yaani kama d na g ambazo koo linatetemeka ukizitamka.

Anza na bet na back mpaka ile i ya nyuma ipotee kabisa, ndo uhamie bed na bag, usiruke hatua. Na siri iko kwenye vokali: Waingereza e ya bed wanaivuta kuliko ya bet, we ivute hapo, halafu ulimi ukigusa ufizi uache hapohapo usiuachie kwa nguvu, maana ukiuachia tu i inarudi.