"Estoy eatiendo": Barua kwa mwanangu aliye Bronx

Mwanangu Mwanaidi,

Sisi huku Tanga hatujambo. Ujumbe wako umenichekesha hadi baba yako akatoka kibarazani kuuliza kulikoni. Wenzako wa kazini, watu wa Puerto Rico, huanza sentensi kwa Kihispania wakaimalizia kwa Kiingereza. Wewe uliposema "estoy eatiendo", ukitaka kusema "ninakula" kwa kuipachika "eat" ya Kiingereza mwisho wa Kihispania "-iendo", wakaangua kicheko. Unauliza: wanaochanganya kutwa nzima, wanakuchekaje wewe? Au ni kwamba hawajui hata lugha moja?

Hilo la mwisho nililihubiri darasani miaka na miaka, na kalamu nyekundu mkononi. Nilikosea. Mwanaisimu Shana Poplack aliwasikiliza watu wa Puerto Rico wa East Harlem, hapo hapo jijini kwenu New York, na mwaka 1980 akaandika kwamba waliobadili lugha katikati ya sentensi hasa ni wale wazijuao zote mbili barabara. Asiyekimudu Kiingereza alichomeka vineno vya pembeni tu, "you know", basi.

Sasa kicheko chako. Wenzako hubadili pale mpangilio wa maneno wa lugha zote mbili unapolingana, na shina la Kiingereza hawalipachiki mwisho wa Kihispania mpaka liwe limekwisha kuwa Kihispania kimatamshi. "Parqueando" watasema bila kusita, maana "parquear" ni mwenyeji siku nyingi, kama "kupaki" kwetu. "Eatiendo" ndiyo hasa Poplack aliitoa kuwa mfano wa kisichosemeka! Umeipata mwenyewe bila kumsoma.

Lakini nakuelewa. Umekulia kwenye "nimeiprint" na "wamecancel". Sisi shina la kigeni tunalivika viambishi vyetu mchana kweupe, matamshi yake yakiwa yale yale ya Kiingereza. Ndiyo maana mwanaisimu Carol Myers-Scotton, aliyechunguza mazungumzo ya Nairobi, aliikataa kanuni hiyo ya Poplack ya shina na mwisho wake isiwe ya lugha zote. Kwake yeye, lugha moja hujenga fremu, yaani kiunzi cha sentensi, na nyingine huleta maneno ndani yake. Wewe, mwanangu, ulichanganya Kihispania na Kiingereza kwa sheria za Kiswahili.

Sema "estoy comiendo", Kihispania kitupu cha "ninakula", kwanza. Mengine yatakuja ukikaa nao mezani.

Bibi yako hataki kusikia lolote katika haya. Anasema Jumapili ukipiga simu uongee Kiswahili kitupu, na uanze na shikamoo.

Mama yako