Akija waziri mpya, siku 30 ni zilezile

Mmeuliza wiki hii: waziri mpya wa Kazi, Deus Sangu, aliyeteuliwa Novemba 2025, aanze na lipi? Kwa aliyeachishwa kazi leo asubuhi, jina la waziri halimsaidii kitu. Tangu mwanzo wa 2024 kiti hicho wamekikalia Ndalichako, Ndejembi, Ridhiwani Kikwete na sasa Sangu. Siku 30 za kupeleka mgogoro wa kuachishwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hazijasogea. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60.

Lipo shauri la mlinzi mmoja wa usiku, miaka minne kazini, mkataba wa maandishi hana. Aliambiwa kwa mdomo, "Pumzika kwanza, tutakupigia." Akasubiri simu. Wiki ya pili alipofuatilia, bosi kasafiri. Wiki ya tatu akakuta lindo lake lina mtu mwingine, na msimamizi ndipo akamwambia wazi kwamba hana kazi. Kwenye fomu ya kufungulia mgogoro, CMA F1, penye tarehe ya mgogoro kuanza, akaandika siku ya mwisho aliyoshika lindo. Kwa hesabu hiyo alifungua siku ya 41. Angeandika siku aliyotamkiwa kuwa hana kazi, angekuwa ndani ya muda. Sehemu B, ambayo ni ya walioachishwa kazi, aliiacha wazi akidhani maelezo ya mwanzo yametosha. Nakala ya mwajiri nayo haikuwa na sahihi ya mpokeaji.

Mwajiri akaweka pingamizi. Ikabidi mlinzi aombe kwanza kuongezewa muda, kwa kiapo, aeleze kwa nini alichelewa. "Nilikuwa nasubiri simu" bila hata ujumbe mmoja wa kuonyesha ni sababu dhaifu, na maombi yakatupwa. Inauma, kwa sababu kwenye kiini cha shauri alikuwa na nguvu: kifungu cha 39 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri ndiye athibitishe kwamba kuachisha kulikuwa halali, na cha 15 kinambebesha mwajiri huyohuyo mzigo pale asipotoa masharti ya kazi kwa maandishi. Hayo yote hayakusikilizwa.

Kwa hiyo ukiambiwa "pumzika", siku hiyohiyo mwandikie msimamizi: "Naomba kujua kama nimeachishwa kazi, na kuanzia lini." Tunza ujumbe na jibu lake. Jaza Sehemu B. Mwajiri apokee nakala kwa sahihi na tarehe. Kufungua mgogoro hakuna ada.

Hata hivyo waziri si mtu wa pembeni katika hili. Siku hizo 30 zimo kwenye kanuni za 2007, Tangazo la Serikali (GN) Na. 64, si kwenye sheria mama, kwa hiyo kuzigusa hakungoji muswada bungeni. Na kima cha chini kipya cha sekta binafsi, kilichoanza Januari 1, 2026, kilitoka kwa amri ya wizara hiyohiyo. Basi aanze na masijala za CMA: fomu yenye Sehemu B tupu irudishwe palepale dirishani ijazwe. Kuongeza siku kwa wote nasita, maana ushahidi hupotea upesi: walinzi huhamishwa malindo na daftari la mahudhurio halionekani tena. Zikiongezwa, ziwe za wale tu ambao hawakupewa barua ya kuachishwa.