Mteja anadaiwa 50,000, ripoti inasema 380,000

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Natunza kanzidata ya MySQL ya duka la vifaa vya ujenzi. Kwenye ripoti yangu ya madeni wateja wengine wako sawa, wengine madeni yao yamevimba. Mmoja alichukua mifuko 10 ya saruji kwa 18,000 na nondo 4 kwa 25,000. Amelipa 100,000, kisha 80,000, kisha 50,000. Daftari linasema amebakiza 50,000, ripoti inasema 380,000. Nimeunganisha jedwali la ankara, la vitu na la malipo kwenye kwiri (ombi la data kwa kanzidata) moja. Nimekosea wapi?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Ahsante kwa kuleta tarakimu zenyewe, maana jibu limo humo humo.

Ondoa SUM (amri ya kujumlisha) kwanza, uitazame mistari yenyewe kabla haijajumlishwa. Ankara hiyo ina vitu 2 na malipo 3. Ukiyaunganisha majedwali yote kwa namba ya ankara, kila kitu kinapangwa na kila malipo, kwa hiyo utaona mistari 6. Saruji inatokea mara tatu, nondo mara tatu. Mauzo ya 280,000 yanakuwa 840,000. Malipo nayo yanajirudia mara mbili: 230,000 inakuwa 460,000. Toa, unabaki na 380,000 yako. MySQL imejumlisha sawasawa kile ulichoipa.

Ndiyo maana wengine wako sawa. Aliyenunua kitu kimoja na kulipa mara moja ana mstari mmoja tu, hakuna cha kujirudia. Kosa hili ni baya kwa sababu hiyo: ukijaribu kwa mteja wa namna hiyo, ripoti inafaulu.

Dawa ni kujumlisha kila jedwali peke yake, ndipo uunganishe:

SELECT a.namba, v.jumla - COALESCE(m.jumla, 0) AS deni
FROM ankara a
JOIN (SELECT namba, SUM(idadi * bei) AS jumla FROM vitu GROUP BY namba) v ON v.namba = a.namba
LEFT JOIN (SELECT namba, SUM(kiasi) AS jumla FROM malipo GROUP BY namba) m ON m.namba = a.namba;

Usiache LEFT JOIN (inayobakiza ankara hata isiyo na malipo) wala COALESCE (hapa inaweka 0 pasipo na malipo). Ukiweka JOIN ya kawaida kwenye malipo, mteja ambaye hajalipa hata senti anatoweka kwenye ripoti ya madeni, na huyo ndiye unayemtafuta hasa. Bila COALESCE atakuwepo, lakini deni lake litakuwa NULL (yaani hakuna thamani), kwa kuwa namba ukiitoa NULL jibu ni NULL.

Kuna watu watakushauri uweke SUM(DISTINCT kiasi), yaani kila kiasi kinachofanana kijumlishwe mara moja tu. Nakusihi usifanye hivyo. Kwa mteja huyu malipo yatatoka sawa, kwa sababu kiasi cha kila awamu ni tofauti. Akija aliyelipa 50,000 mara mbili, itahesabiwa mara moja, na utamdai mtu pesa aliyokwisha kulipa.

Ukimaliza, piga SELECT SUM(kiasi) FROM malipo peke yake, ulinganishe na jumla ya malipo ndani ya ripoti. Fanya vivyo hivyo kwa vitu. Zikipishana hata kwa shilingi moja, rudi kwenye mistari isiyojumlishwa. Na ripoti za madeni ulizokwisha kuchapa kwa kwiri ya zamani, zikusanye kabla mtu wa makusanyo hajazipeleka kwa wateja.